Stesheni ya Dent: kilomita saba kutoka Dent

Aliyewahi kushuka Miritini akidhani ameshafika Mombasa mjini ataielewa stesheni hii upesi kuliko Mwingereza wa London. Uko kaskazini mwa England, kibao cha jukwaani kimeandikwa DENT, treni imesimama, mlango umefunguka, na kijiji hakionekani. Hakionekani kwa sababu hakipo hapo. Kiko bondeni, zaidi ya maili 4 kwa barabara, yaani karibu kilomita 7, na kimeachwa chini kwa futi 600 hivi, mita 180 na ushee. Watu wa huko wana utani wao wa miaka mingi: mgeni aliuliza kwa nini stesheni ilijengwa mbali na kijiji, akajibiwa kwamba labda walitaka iwe karibu na reli.

Ukitaka stesheni ya kukufikisha kijijini, Dent ni mbovu. Ukitaka stesheni ya kukuweka mlimani bila gari, Uingereza nzima ina chache za kuilinganisha nayo. Karibu kila lalamiko linalosikika kuhusu mahali hapa limetoka kwa mtu aliyetaka la kwanza akapewa la pili, kwa hiyo amua kabla ya kulipa nauli.

Sababu ya kuwekwa juu hivyo ni ya hesabu. Kampuni ya Midland Railway ilitaka njia yake yenyewe ya kwenda Scotland, isiyopita kwenye reli za washindani, na treni zake ziende kasi. Vichwa vya mvuke vya wakati ule havikuweza kukimbia kwenye mwinuko mkali, ndiyo maana wahandisi walijiwekea kikomo: reli isipande zaidi ya futi 1 kwa kila futi 100. Kutoka karibu na mji wa Settle reli hiyo, ya Settle–Carlisle, inapanda kwa kiwango hicho takribani maili 15 mfululizo. Wafanyakazi wa treni wakauita mwinuko huo Long Drag, kwa maana ya kukokota mzigo bila kupumzika. Baada ya jasho lote hilo, kuteremka hadi kijijini Dent na kupanda tena upande wa pili kungekuwa wazimu. Reli ikabaki begani mwa mlima, usawa wa mita 350 hivi, ikaenda hivyo hadi kilele chake pale Ais Gill kwenye mita 356. Abiria walianza kupita tarehe 1 Mei 1876. Stesheni ya Dent ilifunguliwa Agosti 1877, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na hilo tu linakuonyesha kijiji kilikuwa nafasi ya ngapi katika mipango ya kampuni.

Mita hizo 350 zinaifanya kuwa stesheni ya juu kuliko zote za mtandao wa taifa wa reli ndani ya England. (Scotland ziko za juu zaidi.) Kwa aliyezoea Timboroa, iliyo zaidi ya mita 2,700, tarakimu hii inachekesha. Asicheke sana. Hapa ni kaskazini mwa Ulaya, miti ya kukinga upepo ni ya kuhesabu, na mvua huja ikiwa imelala upande.

Kufika

Treni ni za kampuni ya Northern, zinazokwenda kati ya Leeds na Carlisle. Leeds hadi Settle ni kama saa moja, na kutoka Settle hadi Dent karibu nusu saa nyingine. Ukitoka Carlisle, hesabu saa moja na robo. Treni ni za dizeli, mara nyingi mabehewa mawili tu, na Jumamosi yenye jua hujaa wapanda milima, mbwa wao na mikoba yao. Safari ni chache: kwa siku ya kawaida tarajia treni moja kwa kila saa mbili hivi kila upande, pengine pengo likawa refu zaidi, na Jumapili hupungua. Baadhi ya treni huruka stesheni ndogo. Usitazame saa ya kuondoka Leeds peke yake. Fuata mstari wa ratiba kwa kidole hadi uone dakika imeandikwa mbele ya jina Dent.

Hapo hapo kwenye ratiba kuna mtego kwa msemaji wa Kiswahili. Saa zote zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24. Treni ya 16:40 ni ya saa kumi na dakika 40 jioni, na akili iliyochoka hupenda kugeuza mara mbili. Iache tarakimu kama ilivyo, weka kengele ya simu kwa tarakimu hiyo hiyo.

Ukielekea kaskazini, kaa upande wa kushoto. Ukielekea kusini, kulia. Huo ndio upande wa bonde. Kutoka kusini, dalili za kukaribia ziko wazi kabisa. Treni inaondoka Ribblehead na mara inapita juu ya daraja kubwa la matao 24, lenye urefu wa mita 400 na kimo cha mita 32. Kisha inaingia handaki la Blea Moor, yadi 2,629, karibu kilomita mbili na nusu za giza. Ukitoka gizani tu uko juu ya daraja la Dent Head, matao 10, na dakika chache mbele daraja la Arten Gill, matao 11. Hapo simama, vaa koti ungali ndani, funga zipu, sogea mlangoni. Kuvaa koti jukwaani upepo ukikupiga ni kazi ya watu wawili.

Tiketi: stesheni haina mfanyakazi wala dirisha la kuuzia. Nunua kwenye programu ya simu kabla hujafika, ukiwa bado na mtandao, na hakikisha tiketi imeshapakuliwa kwenye simu, kwa sababu bondeni mawimbi ya simu ni ya kubahatisha. Kondakta huuza kwa wale waliopanda mahali pasipo njia ya kulipa. Lakini kama ulianzia Leeds, Skipton au Carlisle, ambako madirisha na mashine zipo, utetezi huo haufanyi kazi: faini ya kusafiri bila tiketi halali ndani ya England ni pauni 100 pamoja na nauli, na hupungua hadi pauni 50 ukilipa ndani ya siku 21. Mwenye kadi ya punguzo la reli hulipa pungufu kwa theluthi moja katika treni nyingi. Aibebe kadi yenyewe, maana bila kadi tiketi hiyo ni karatasi.

Baiskeli husafiri bure, ila nafasi ni mbili kwa kila treni na anayewahi ndiye anayepata. Kikundi cha waendesha baiskeli watano kisifike pamoja kikategemea bahati.

Jukwaani

Majukwaa ni mawili, moja la kwenda kaskazini na lingine la kwenda kusini. Jengo la stesheni ni la mawe, paa lenye ncha, mbao zimepakwa damu ya mzee na krimu, rangi zinazotunzwa kote kwenye reli hii, na taa za mtindo wa kale juu ya nguzo. Viti vipo, kibanda cha kujikinga mvua kipo. Basi. Hakuna chai, hakuna duka, na haja zako zimalize kwenye choo cha treni kabla ya kushuka. Maji beba ya kutosha, angalau lita moja na nusu kwa mtu siku ya kutembea.

Kosa linalojirudia ni la kuchungulia madirisha ya jengo. Mtu anaona stesheni nzuri ya zamani, anadhani ni makumbusho, anabandika uso kwenye kioo na kukutana macho kwa macho na familia inayokunywa supu. Jengo si la abiria tena. Ni mali ya mtu binafsi na hukodishwa kwa wageni wa kulala, pamoja na kibanda cha mawe kilicho karibu ambacho zamani kilikuwa cha vibarua wa kufyeka theluji.

Theluji yenyewe imeacha alama ambayo haihitaji kibao cha maelezo. Inua macho kwenye mteremko ulio juu ya stesheni uone safu za mbao nyeusi zilizosimikwa wima. Ni mataruma ya reli yaliyochakaa, yakachimbiwa ardhini bega kwa bega kama meno ya kitana. Kazi yake ilikuwa kupunguza kasi ya upepo ili theluji ianguke nyuma ya uzio huo badala ya kujaza njia ya treni chini yake. Sasa mengi yameinama, mengine yameoza hadi kiunoni, na kondoo hujisugua humo. Wazo lilikuwa zuri, lakini mlima haukulitii kila mara: katika baridi kali ya mwaka 1947 reli hii ilizibwa na theluji kwa wiki kadhaa.

Kuhusu walemavu wa viungo na wenye vigari vya watoto, lazima kusema kweli. Lifti hakuna, daraja la waenda kwa miguu hakuna. Kupata jukwaa la pili ni kukatiza reli kwenye kivuko cha miguu, na treni za mizigo pamoja na zile za mvuke za kukodi hupita bila kusimama. Huduma ya kusaidiwa kupanda na kushuka inaitwa Passenger Assist na huombwa saa 2 kabla ya safari au mapema zaidi. Iombe, na useme wazi kwamba unakwenda Dent na jukwaa gani utalitumia kurudi. Hata hivyo, baada ya kushuka salama, barabara ya nje ni mteremko ambao kiti cha magurudumu cha kusukuma kwa mkono hakiuwezi bila hatari. Kwa mtu wa namna hiyo Settle au Appleby ni chaguo la busara.

Kuteremka kijijini

Barabara ya nje inaitwa Coal Road, kwa sababu ya vishimo vya makaa ya mawe vilivyochimbwa juu mlimani zamani. Waendesha baiskeli wanaitaja kwa heshima ile ile ambayo madereva wa malori wa kwetu wanautaja mlima Kitonga. Kutoka stesheni hadi Lea Yeat, karibu na daraja la mto Dee, unashuka zaidi ya mita 100 katika umbali wa kama kilomita moja. Mwenye baiskeli ajaribu breki zote mbili akiwa bado uwanjani, ashike za nyuma kwanza, na asiache baiskeli ikimbie hata kidogo: kona zimefunikwa na kuta za mawe, changarawe hukusanyika pale maji yanapokatiza lami, na trekta huja katikati ya barabara kwa kuwa hakuna pengine pa kupita. Barabara ikiwa na barafu, shuka utembee. Mwenye miguu naye apite upande wa kulia, akiyatazama magari yanayomjia. Uingereza magari hupita kushoto kama Kenya na Tanzania. Msomaji wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi ageuze desturi yake.

Ukifika Lea Yeat una njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea na barabara ya lami hadi Dent. Ni nyembamba, haina njia ya miguu pembeni, lakini huwezi kupotea. Ya pili, na iliyo bora, ni kuchukua Dales Way, njia ndefu ya miguu ya maili 80 hivi kutoka Ilkley hadi Bowness-on-Windermere, ambayo hapa inafuata mto Dee kuteremka bonde. Inapita mashambani, kupitia mageti madogo na ngazi za mawe za kurukia kuta. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Baada ya mvua nyingi vipande vya kando ya mto hujaa maji na tope la kufika vifundoni. Siku hizo rudi kwenye lami bila kujilaumu.

Kwa mwendo wa mtu mzima mwenye mkoba mwepesi, kuteremka ni saa moja na nusu hadi saa moja na dakika 45. Kupanda kurudi weka saa mbili, na ongeza robo saa kama una mtoto au mzigo. Hesabu hii ndiyo watu wanaikosea. Wanakumbuka walivyoshuka upesi, wanakaa kijijini hadi dakika ya mwisho, wanatembea vizuri kilomita sita, kisha Coal Road inawavunja pale ambapo zimebaki dakika 20 na mita mia na kitu za kupanda.

Teksi haziegeshi stesheni. Za karibu hutoka Sedbergh au Hawes, na lazima ziagizwe mapema, ikiwezekana siku moja kabla. Bonde lina pia basi la kijamii linaloendeshwa na madereva wa kujitolea, lakini siku zake ni chache na halisubiri treni iliyochelewa. Litazame kama zawadi likiwepo, lisiwe nguzo ya mpango wako.

Kijiji chenyewe kinastahili jasho. Barabara kuu imetandazwa mawe, nyumba nyeupe zimesogeleana hadi magari hupita kwa kuvizia, na mbele yake kuna chemchemi ya jiwe kubwa la granite la kumkumbuka Adam Sedgwick, aliyezaliwa Dent mwaka 1785 akawa profesa wa jiolojia Cambridge. Ndiye aliyekipa jina kipindi cha Cambrian katika umri wa miamba, na mwaka 1831 alimchukua kijana Charles Darwin kwenda kusoma mawe Wales. Chakula na kinywaji hupatikana baa. Muulize mwenye baa saa ya jiko kufungwa kabla hujaagiza kinywaji cha kwanza, maana vijijini Uingereza jiko la mchana hufungwa mapema na hakuna kubembeleza.

Bila kwenda kijijini

Hapa ndipo stesheni inapolipa nauli yake. Matembezi yaliyo bora kutoka jukwaani hayakupeleki Dent hata kidogo.

La kwanza ni kwenda Ribblehead na kupanda treni huko. Ni kama kilomita 13, saa nne na nusu pamoja na kupumzika. Shuka hadi Lea Yeat, geuka kushoto upandishe na mto badala ya kuteremka nao, pita Stone House, ambapo daraja la Arten Gill linaonekana juu, endelea hadi chini ya daraja la Dent Head. Hapo njia inaacha barabara na kupanda Blea Moor, juu kabisa ya handaki ulilopita asubuhi. Utalitambua handaki kwa minara mifupi ya matofali ya kutolea moshi na kwa vichuguu vya mawe yaliyochimbuliwa chini yake. Ukibahatika treni ikipita, utaisikia ikinguruma ndani ya ardhi. Upande wa pili unashuka hadi kando ya daraja la matao 24. Faida ya njia hii ni kwamba Ribblehead inahudumiwa na treni hizo hizo, kwa hiyo hurudi nyuma. Ubaya ni sehemu ya Blea Moor: wingu likishuka hakuna ukuta wa kufuata. Chukua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey ya 1:25,000 na dira. Simu peke yake isikudanganye, baridi humaliza betri.

La pili ni duara la kurudi hapo hapo. Panda Coal Road, kamata njia ya zamani ya wachunga ng'ombe inayozunguka ubavu wa Great Knoutberry Hill, panda kileleni kwenye mita 672 ukitaka, kisha teremka bonde la Arten Gill hadi uingie chini ya matao yenyewe. Usipite haraka. Daraja lina kimo cha futi 117 na limejengwa kwa jiwe la hapo hapo, chokaa nyeusi ambayo ikisuguliwa hung'aa na kuonyesha visukuku vyeupe ndani yake. Iliuzwa kwa jina la marumaru ya Dent. Gusa jiwe la nguzo lililolowa, utaviona visukuku vikijichora kama vipande vya chaki. Mashine za kukata marumaru hiyo ziliendeshwa kwa gurudumu la maji, na katika miaka ya 1830 gurudumu hilo lilitazamwa kwa makini na wakili kijana aliyekuja kuvua samaki, akaona jinsi nguvu nyingi ya maji ilivyokuwa ikipotea bure. Alikuwa William Armstrong, ambaye baadaye alitajirika kwa winchi za nguvu ya maji, kisha kwa mizinga.

La tatu, fupi na kavu kuliko yote, ni kufuata Coal Road moja kwa moja hadi stesheni ya Garsdale. Ni lami mwanzo hadi mwisho na inafaa siku ambayo mashamba yamelowa. Pale Garsdale jukwaani kuna sanamu ya mbwa aitwaye Ruswarp. Mwaka 1970 stesheni ndogo za reli hii zilifungwa, Dent ikiwamo, na ingawa Dent ilifunguliwa tena 1986, kipindi hicho hicho serikali ilikuwa ikipanga kuua reli yote. Watu zaidi ya 22,000 walipeleka pingamizi, na mbwa huyo, kwa kuwa naye alikuwa abiria wa kulipiwa nauli, akatia alama ya unyayo wake kwenye karatasi. Pingamizi lake lilipokelewa. Reli ikaokolewa Aprili 1989.

Vinavyoharibika, na kwa nini

Ucheleweshaji wa hapa una sababu zake mahususi, na ukizijua hasira hupungua. Daraja la Ribblehead lilibakizwa njia moja ya reli mwaka 1985 ili kupunguza uzito juu ya matao yaliyokuwa yamedhoofika. Treni mbili hazipishani hapo. Ya kaskazini ikichelewa dakika 10, ya kusini nayo husubiri. Vibanda vya kuongozea ishara za treni vilivyobaki viko mbalimbali, na kati ya kimoja na kingine huruhusiwa treni moja tu kwa kila upande, hivyo treni nzito ya mawe ikiwa mbele yako hakuna kuipita. Halafu kuna ardhi. Mwaka 2016 ukingo wa mto Eden huko Eden Brows, upande wa Carlisle, uliporomoka, na sehemu hiyo haikufunguliwa hadi mwisho wa Machi 2017. Katika kipindi kama hicho mabasi huchukua nafasi ya treni, na basi kubwa haliwezi kupanda Coal Road. Ukiona ratiba inataja basi, piga simu kwanza uulize abiria wa Dent wanachukuliwa wapi.

Fidia ipo na watu wengi hawaidai. Northern hurudisha robo ya nauli ya safari kwa kuchelewa dakika 15 hadi 29, nusu kwa dakika 30 hadi 59, na nauli yote kuanzia dakika 60. Piga picha tiketi, andika saa uliyofika, jaza fomu mtandaoni ndani ya siku 28. Treni ya mwisho ikifutwa, kampuni ina wajibu wa kukutafutia usafiri au mahali pa kulala inapowezekana, ila gari la kutoka mji wa karibu linaweza kuchukua saa nzima kufika. Ndiyo maana treni ya kurudi nayo isiwe ya mwisho. Chagua ile iliyo kabla yake, na ya mwisho iwe akiba.

Kuanzia Novemba hadi Februari hesabu inabadilika kabisa. Katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, bonde likiwa tayari kwenye kivuli. Taa ya kichwani si anasa, na fulana ya kung'aa kwa ajili ya Coal Road pia. Juni ni kinyume chake: mwanga hukaa hadi karibu saa nne usiku, na mtu anaweza kula kijijini na bado apande mlima akiona.

Kwa alama, usafi na utunzaji 5 kati ya 5, na sifa hiyo wanagawana na wanachama wa Friends of the Settle–Carlisle Line, kundi lililoundwa 1981 na ambalo bado hutunza stesheni kwa kujitolea. Mandhari 5. Usafiri wa kuunganisha 1, na hiyo 1 ni ya basi la wale madereva. Ufikivu kwa wenye ulemavu 2. Kulala ndani ya jengo, kwa wanaomudu, kunaondoa matatizo karibu yote yaliyotajwa hapa, sharti chakula cha siku zote ukinunue Settle kabla ya kupanda treni.

Kwa siku ya kwenda na kurudi, pangilia hivi: toka kijijini treni ikiwa imebakiza muda wa saa mbili na nusu. Uwe Lea Yeat zikiwa zimebaki dakika 50. Kunywa maji pale darajani, maana huko mbele hutapenda kusimama. Panda polepole bila kukatisha, dakika 25 hadi 30. Ukifika jukwaani utakuwa umelowa jasho, na upepo utalipoza dakika hiyo hiyo. Vua fulana ya ndani, vaa nyingine kavu, ndipo urudishe koti. Simama nyuma ya mstari upande wa treni yako. Dereva akikaribia, jitokeze aone kuna mtu.